Jinamizi, Jini na Daktari: Imani na Sayansi kuhusu Yasiyoonekana katika Eneo la Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Methali hii huwafaa sana wanaoamini mizimu na majini, maana ni mambo machache yanayosemwa usiku kuliko hayo. Hata hivyo, wahenga hao hao walituachia nyingine isemayo kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya pili yatutaka tutafute chanzo cha kila tunachokiona. Makala haya yanakaa baina ya methali hizo mbili.

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya bweni huko Garissa, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia asubuhi macho yakiwa mekundu. "Mwalimu," alisema, "usiku nilikaliwa kifuani." Alieleza kuwa aliamka akaona kila kitu bwenini: taa ya nje, kitanda cha mwenzake, ndoo mlangoni. Hata hivyo, hakuweza kuinua hata kidole, wala sauti haikumtoka. Kando ya kitanda palisimama kitu cheusi kirefu, kikamwinamia hadi pumzi ikambana.

Katika chumba cha walimu kisa hicho kilipokewa kwa njia mbili. Mwalimu mmoja alikata shauri papo hapo kwamba lile ni jini, na sheikh aitwe. Mwingine aliangua kicheko akasema kuwa ni maharagwe ya jioni. Usiku uliofuata mvulana yule alikataa kulala. Wa kwanza alikuwa amemwongezea hofu, na wa pili amemwongezea aibu.

Hoja ya makala haya ni kwamba tukio na ufafanuzi wa tukio ni mambo mawili. Mvulana yule hakusema uongo, na jambo lilimpata. Swali linaloweza kujadiliwa ni chanzo chake. Anayeharakisha kuamini na anayeharakisha kucheka wote wawili huacha kumsikiliza shahidi.

Hazina ya Msamiati

Kabla ya kuwasikiliza wanasayansi, yafaa tuyasikilize maneno yetu wenyewe, kwani lugha ya Kiswahili haiwaweki viumbe wasioonekana wote katika kapu moja. Mzimu huhusishwa na roho za waliokufa, na pia mahali zinapoaminiwa kukaa na kuombwa. Mzuka unatokana na kitenzi zuka, yaani kitu kinachojitokeza ghafla. Pepo ina nasaba na upepo, kitu kinachohisika lakini hakishikiki. Jini tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kufichika.

Baadhi ya maneno haya yamebeba ndani yake maelezo ya kale kuhusu maradhi. Neno wazimu lina mzizi mmoja na mzimu, hivyo kila tunapomwita mgonjwa wa akili "mwendawazimu" tunatamka, pasipo kukusudia, utambuzi wa maradhi uliotolewa kabla ya hospitali kujengwa.

Neno linaloyafaa zaidi makala haya ni jinamizi. Umbo lake laelekea kunasibishwa na kitenzi inama, yaani kile kinachomwinamia mtu aliyelala. Mvulana wa Garissa alitumia kitenzi hicho hicho. Kwa hivyo, wasemaji wa Kiswahili walikwisha kulitambua tukio hili na kulipa jina zamani, na jina hilo laeleza kinachohisiwa bila kumlazimisha msemaji aseme ni nani aliyeinama.

Imani na Shaka miongoni mwa Wasomali

Wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ni Wasomali Waislamu. Jambo hili hubadilisha swali letu. Katika mafundisho ya Kiislamu, roho ya marehemu iko barzakhi ikisubiri kiyama, wala hairandi mitaani. Majini, kwa upande mwingine, wametajwa katika Kurani kuwa viumbe walioumbwa kwa moto, na sura ya 72 imepewa jina lao. Basi anayeuliza Garissa kama watu wanaamini "mizimu" huenda akajibiwa la, lakini akiuliza kuhusu majini atajibiwa vingine.

Pamoja na imani hiyo ya dini, pana desturi ya saar, ambayo ni jamaa ya ngoma za pepo za pwani yetu. Mwanaanthropolojia I. M. Lewis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasomali wa kaskazini katika miaka ya 1950, aliijadili katika kitabu chake cha mwaka 1971. Aliona kuwa wengi wa waliopagawa walikuwa wanawake walioolewa, na kwamba pepo, kupitia kinywa cha mke, alidai mavazi, manukato na vyakula vizuri. Lewis alifafanua kuwa mke asiye na mahali pa kupeleka malalamiko yake aliyapeleka kwa kinywa cha pepo, ambaye mume hakuthubutu kumpuuza.

Lewis alibainisha pia kwamba waume walikuwa na mashaka. Hawakukana kuwepo kwa majini, ila jini alipompata mke wa nyumbani mwao wenyewe, walishuku kuwa pana hila. Hivyo, si kweli kwamba shaka ililetwa na vitabu vya shule kwa watu walioamini kila kitu. Shaka ilikuwa jikoni na barazani tangu hapo, ingawa mara nyingine ilikuwa shaka ya mwenye nguvu asiyetaka kumsikia mnyonge.

Sayansi Inasemaje?

Wanasayansi huliita tukio la mvulana yule kupooza usingizini. Kuna hatua ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto nyingi hutokea. Katika hatua hiyo ubongo huzuia misuli ya mwili isifanye kazi, ili mwotaji asiinuke na kutenda anayoyaota. Misuli ya macho na ya kupumulia husazwa. Mara nyingine fahamu hurejea kabla ya kizuizi hicho kuondoka. Mtu huwa macho, chumba anakiona, lakini mwili umefungwa na ndoto haijakwisha. Akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu hushindwa, na huhisi uzito kifuani. Ubongo uliojaa hofu humtafuta adui, na ndoto iliyobaki humpa adui huyo umbo. Hali hii hudumu sekunde au dakika chache. Ukosefu wa usingizi, wasiwasi na kulala chali huichochea.

Mwaka 2011 Sharpless na Barber walijumlisha matokeo ya tafiti 35 zilizohusisha zaidi ya watu 36,000. Waligundua kuwa kati ya watu wa kawaida, asilimia 7.6 waliwahi kupatwa na hali hiyo angalau mara moja. Miongoni mwa wanafunzi, idadi ilipanda hadi asilimia 28.3. Msomaji wa jarida hili anayekesha kwa ajili ya mitihani hana haja ya kuuliza kwa nini.

Hali hiyo imesimuliwa pia mbali na Garissa. Huko Newfoundland, Kanada, watu walisema waliketiwa na ajuza. David Hufford aliandika kitabu juu yao mwaka 1982. Wajapani wana neno lao, kanashibari. Kwetu, mwaka 1995, visiwa vya Pemba na Unguja vilitikiswa na hofu ya Popobawa, na baadhi ya watafiti wameyahusisha masimulizi ya waathiriwa na kupooza usingizini. Watu walilala nje kwa makundi. Huko Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Hapo ndipo tunapoona kuwa mjadala huu haukomei kwenye porojo za usiku.

Hofu Baada ya Msiba

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Wanaosoma huko leo hulala katika mji unaokumbuka, na manusura wametawanyika nchini wakiwa na kumbukumbu zao.

Sayansi haiwacheki wanaohisi uwepo wa waliofariki. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane wa kike na wa kiume 293 huko Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona, kumsikia au kumhisi mwenza aliyekufa, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Rees aliliona jambo hilo kuwa sehemu ya kawaida ya huzuni. Hawakuwa wendawazimu.

Katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera huko Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992, wakimbizi wana neno buufis. Mtafiti Cindy Horst ameeleza kuwa ni shauku kali ya kuhamia nchi za mbali, na kwamba inaweza kumfikisha mtu kwenye maradhi ya akili shauku hiyo ikivunjika. Neno lenyewe hutokana na kitenzi cha Kisomali chenye maana ya kupuliza au kujaza hewa. Tazama lilivyo jirani na pepo na upepo wetu! Lakini buufis haina jini. Wasemaji wake wameunda jina la dhiki ambalo chanzo chake wanakijua: vita, kungoja na kukata tamaa.

Majina yana matokeo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, na imani kuwa wamepagawa ni mojawapo ya sababu. Anayesomewa Kurani hapati madhara kwa kisomo, na kisomo chaweza kumtuliza. Madhara huja pale mnyororo unapotumiwa au dawa inapozuiwa. Na mafundisho ya Mtume yenyewe yanahimiza mgonjwa atafutiwe tiba.

Funzo la Fasihi

Fasihi yetu imelipitia suala hili mapema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anampa Bwana Msa kifo ambacho watu wako tayari kukisingizia mzimu. Bwana Msa anauliza, anapima, anaonyesha mkono wa binadamu. Miongo minne baadaye, katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamfufua babu ili amwandame mjukuu aliyepotoka. Riwaya ya kwanza inauvunja mzimu ili ukweli uonekane, na ya pili inautumia mzimu kwa lengo hilo hilo. Mhakiki hulazimika kuuliza, katika kila kisa, mzimu unafanya kazi gani.

Hitimisho

Sayansi yaweza kueleza kinachotokea mwilini mwa aliyekabwa na jinamizi. Haijapewa mizani ya kupimia kama majini wapo, na mwenye imani hapaswi kuogopa maelezo yake. Makala haya yanapendekeza kwamba walimu na wasomi wa Kiswahili walitumie neno jinamizi kueleza kupooza usingizini, kwa kuwa lipo tayari na halimwaibishi mtu. Aidha, tuache kumwita mgonjwa wa akili mwendawazimu.

Kuhusu mvulana yule, siku ya tatu niliketi naye chini ya mwarobaini nikamweleza kuhusu misuli, ndoto na kulala kwa ubavu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hivyo imewapata wengine?" Nilimwambia ndiyo, wengi, na kwamba lugha yetu ina jina lake. Usiku huo alisoma dua zake, akalala kwa ubavu.