Huzuni Inapoushika Mwili





Katika Sura Yusuf tunaarifiwa kwamba Nabii Yaaqub, alayhi salaam, alipotengana na mwanawe, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Hakupigwa wala hakuingiwa na mchanga; ni majonzi ya moyoni yaliyodhuru kiungo cha mwili. Na yeye alikuwa Mtume. Basi anayemwambia mwenye huzuni kuwa imani yake ni haba, na ajiulize angemwambiaje Yaaqub.

Wanazuoni wetu walilitambua jambo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, mwenyeji wa nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi kwa pamoja. Huzuni aliigawa mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo chanzo chake alikiona kuwa mwilini, na kwa hiyo mwili nao utibiwe.

Na mwili hufanya nini? Mtu akikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka amri kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, nazo hutia katika damu vitu viitwavyo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, ini hutoa sukari, na tumbo hupunguza kazi yake. Hiyo ni rehema, kwani humwezesha mtu kukimbia au kupigana. Lakini deni halikimbiwi kama nyoka. Mwenye kulala nalo huamka nalo, na mwili wake hubaki vitani kwa miezi. Hapo usingizi hupotea, moyo huchoka, na kinga ya mwili dhidi ya maradhi hudhoofika.

Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na akili, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja, kwa ridhaa yake, alitiwa jeraha dogo mkononi. Majeraha ya wale wauguzaji yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi.

Nalitaja hilo kwa kuwa nyumba zetu hazikosi wauguzaji kama hao. Mara nyingi binti mmoja ndiye aliyeachiwa mama mgonjwa. Nduguze humzuru siku ya Idi, wakala, wakamwambia asubiri, wakaondoka. Subira ni ibada, lakini haikuwekwa ili wengine wapate kupumzika. Mmoja wao na ashike zamu usiku, dada yake alale.

Vilevile mwenye ugonjwa wa presha asiache dawa za hospitali kwa kuwa ameshika uradi. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, ametuamrisha kujitibu. Naye ambaye majuma yanapita halali, hali chakula, wala hana raha ya kitu, na apelekwe kwa daktari mchana, kwa mlango wa mbele, kama apelekwavyo mwenye homa.