Je, Wajua? Wakili wa jeshi naye hurudi darasani

Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lina chuo chake cha sheria, nacho hakimo kambini. Tangu 1951 kipo Charlottesville, Virginia, ubavuni mwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Virginia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafunzo hayo yalikuwa Ann Arbor, Michigan. Chuo kikafungwa 1946, hadi Vita vya Korea vilipozusha upya haja ya mawakili wenye magwanda. Mwaka huohuo wa 1951 sheria moja ya kijeshi ilianza kuyabana majeshi yote ya nchi hiyo, basi walimu hawakukosa la kufundisha.

Hadi leo maofisa waliokwisha kuzoea mahakama hurejea hapo: wengine kwa kozi fupi za mikataba ya ununuzi au sheria za vita, wengine kwa shahada ya uzamili ya miezi 10 hivi. Leseni zao, kumbe, hutolewa na majimbo, si jeshi, na majimbo mengi hudai saa maalumu za masomo ili leseni isife. Hapo hata jenerali hana amri ya kutoa.