Kinabeba Lita Ngapi? Vyombo Vilivyovunja Rekodi

Macho hupima upande mmoja tu. Ujazo hudai pande zote. Kwa tangi la duara, zidisha nusu kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo. Ukipima ndani kwa mita, jibu ni mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000. Tangi lenye kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 1.27 hubeba karibu lita 1,000. Kipenyo kikiwa mita 2 na kimo kilekile, zinaingia 4,000. Ukiielewa hesabu hiyo, rekodi hizi zina utamu wake.

Vyombo vikubwa zaidi vya fedha. Ni mitungi miwili ya Jaipur, India. Kila mmoja una uzito wa kilo 345 na hubeba lita 4,000 hivi. Mwaka 1902 Maharaja Madho Singh II alikwenda nayo Uingereza ikiwa na maji ya mto Ganges.

Pipa kubwa zaidi. Pipa la Heidelberg, Ujerumani, la mwaka 1751, lina kimo cha mita 7 na ujazo wa lita 220,000 hivi. Pipa la Bad Dürkheim, la mwaka 1934, lina kipenyo cha mita 13.5, yaani karibu maradufu, lakini ujazo wake ni lita milioni 1.7, karibu mara nane. Ndivyo ilivyo: pande tatu zikiongezeka maradufu, ni mbili mara mbili mara mbili. Mvinyo haukuwahi kutiwa humo, ni mgahawa.

Meli ndefu zaidi katika historia. Seawise Giant, ya mita 458, ilibeba mapipa milioni 4.1 ya mafuta, kila pipa lita 159.

Bwawa lenye maji mengi zaidi. Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe: kilomita za ujazo 180 hivi.

Ziwa lenye maji mengi zaidi Afrika. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, zaidi ya maradufu ya Tanganyika. Lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na wa Tanganyika ni 570. Ndiyo maana Tanganyika ina kilomita za ujazo 18,900, karibu mara saba ya Victoria; duniani, kwa maziwa ya maji baridi, inapitwa na Baikal pekee. Anayepima eneo tu atalipeleka taji Mwanza, kando ya Victoria. Anayepima na kina atalipeleka Kigoma, kando ya Tanganyika.