Mafaili ya Simu za Intaneti Maofisini: Maelezo kwa Watumishi

Watumishi waliokabidhiwa dhamana ya simu za intaneti wanaarifiwa kuwa kila simu ya aina hiyo, inapowashwa, huitafuta seva na kujisomea mpangilio wake huko. Kwa simu nyingi mafaili huwa ni mawili. La kwanza ni la simu zote za aina moja. Humo huwekwa saa, lugha na anwani ya mtambo. La pili ni la simu hiyo peke yake, nalo hubeba namba ya ndani, jina la mwenye meza na neno la siri. Katika simu za Yealink, mafaili hayo yakipingana, hufuatwa la pili.

Faili hilo la pili hupewa jina kwa anwani ya MAC, yaani tarakimu na herufi 12 zilizobandikwa mgongoni mwa simu. Herufi zake haziendi mbele ya F, hivyo anayedhani ameona O ajue kuwa hiyo ni sifuri. Simu za Cisco hutaka jina lianze kwa SEP, lifuatiwe na anwani kwa herufi kubwa, na limalizikie kwa .cnf.xml. Simu za Yealink huliomba kwa herufi ndogo, likiishia .cfg. Seva ya Linux haichukulii herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja; jina likikosewa hata herufi moja, simu hukosa faili lake.

Kosa linalotia hasara zaidi ni la kunakili. Katika ofisi moja, fundi alichukua faili la simu ya mapokezi, akalibadilisha jina ili litumike ghalani, akasahau namba iliyomo ndani. Mtambo ulipangwa kukubali simu moja tu kwa kila namba, na iliyojisajili mwisho ikashika nafasi. Mzee aliyekuwa akifuatilia kiinua mgongo chake akapiga siku tatu mfululizo; simu ikaita ghalani, mlango umefungwa. Mapokezi hawakujua lolote.

Kwa hivyo, kabla ya kuhariri, wekeni nakala ya faili la zamani. Tumieni Notepad au programu nyengine ya maandishi matupu, wala si Word, ambayo hupachika alama zake yenyewe. Katika faili la Yealink, mstari wa kwanza unaotaja toleo usiguswe kabisa.

Aidha, neno la siri mara nyingi huandikwa humo waziwazi. Njia ya TFTP haiulizi anayechukua faili ni nani, wala haifichi kinachopita. Simu inapokubali HTTPS, itumike hiyo.

Baada ya kuhariri, zimeni simu na kuiwasha upya, kisha ipigieni kutoka chumba chengine, na mtu awe amesimama mbele ya meza inayohusika.