Jinsi ya kuwanusuru samaki wa bahari dhidi ya joto la Kajiado

JUA la Januari na Februari huko Kajiado halina simile. Hukausha malisho, hupasua udongo mweusi wa Kitengela na, katika nyumba chache ambamo samaki wa bahari hufugwa ndani ya tangi la kioo, huweza kuwaua kwa alasiri moja viumbe waliosafirishwa zaidi ya kilomita 400 kutoka Pwani.

Ufugaji huu si wa wengi, ijapokuwa Kenya imekuwa ikiuza ng'ambo samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa. Vitatange na wenzao wa rangi rangi huvuliwa na wapiga mbizi kwenye miamba ya matumbawe ya Pwani, Shimoni na Kilifi zikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Anayemnunua mmoja wao na kumpeleka bara hana budi kufahamu kwamba amechukua kiumbe asiyezoea mabadiliko makubwa.

Wengi hudhani kuwa samaki wa bahari ya joto huvumilia joto lolote. Sivyo. Maji ya Pwani ya Kenya huwa na takriban nyuzijoto 25 mwezi Agosti na hukaribia 29 au 30 mnamo Machi na Aprili. Mwaka wa 1998, joto la bahari lilipozidi kiwango hicho cha kawaida kwa nyuzi chache tu, sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani ilipauka na kufa. Kwa tangi la nyumbani, nyuzi 24 hadi 27 ndizo salama. Likifika 30, mwenye nyumba achukue hatua bila kungoja jioni.

Aghalabu kinachoua kwanza si joto lenyewe bali ni uhaba wa oksijeni. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na papo hapo samaki huhitaji zaidi kwa kuwa mwili wake hufanya kazi kwa kasi. Maji ya chumvi nayo hubeba kidogo kuliko maji baridi ya ziwa au mto.

Kitengela ina tatizo jingine lisilojulikana na mfugaji wa Mombasa. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko imepungua kwa takriban sehemu moja kwa sita. Oksijeni inayoingia majini hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Samaki anayehema juu juu karibu na uso wa maji huwa tayari yuko taabani.

Hewa kavu ni neema

Hata hivyo, wakazi wa Kajiado wana silaha ambayo watu wa Pwani hawana, nayo ni hewa kavu. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa sababu unyevu unaopenya kwenye kuta zake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Tangi la samaki hupozwa kwa kanuni hiyo hiyo: kifuniko kiondolewe, wavu uwekwe ili samaki wasiruke nje, kisha feni ndogo ielekezwe kwenye uso wa maji.

Hesabu yake inashangaza. Lita moja tu ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha tangi la lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu, feni hiyo hiyo hufanya kazi kwa kusuasua. Aidha, mawimbi madogo yanayosababishwa na feni huingiza oksijeni.

Bei ya neema hiyo ni maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi hubaki. Tuseme tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita linapoteza lita tatu kwa siku. Baada ya wiki moja bila kujaziwa, chumvi itakuwa imepanda hadi karibu gramu 39. Anayejazia kwa maji ya chumvi hafanyi chochote ila kuirundika. Maji ya kujazia yawe yasiyo na chumvi, na yatiwe kidogo kidogo kila siku.

Lakini maji gani? Visima vingi vya Kajiado vina maji ya chumvichumvi yenye madini mengi, floridi ikiwemo, na kuyamimina kila siku ni kulijaza tangi madini. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye mabati huenda yakabeba zinki, ambayo ni sumu kwa matumbawe, kaa na kamba, mbali na vumbi la barabara na viwanda. Yafaayo ni yale yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuchuja chumvi, kama yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20 madukani.

Na barafu je? Chupa ya nusu lita iliyogandishwa haishushi tangi la lita 200 hata kwa theluthi moja ya nyuzi. Ni msaada wa dharura, nayo iwe imefungwa kabisa. Joto lisishushwe kwa zaidi ya nyuzi moja kwa saa. Mashine ya kupoza maji ni ya uhakika zaidi, ila ni ghali, hula umeme na hutoa hewa moto. Ikifungiwa chumba kimoja na tangi, hupoza kwa mkono huu na kupasha kwa mkono ule.

Umeme ukipotea, kama ilivyotokea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, pampu husimama na oksijeni hupungua upesi. Samaki wasilishwe saa hizo, na pampu ya hewa ya betri iwe tayari. Kwa mkazi wa Namanga, ambako ardhi iko chini kuliko Kitengela na mchana ni moto zaidi, paneli ndogo ya sola na feni ya volti 12 zinafaa mno, kwani jua linalopasha tangi ndilo linalozungusha feni.

Feni hiyo isisahaulike mwezi Julai. Usiku wa Kitengela na Kajiado huwa na baridi kali wakati huo, na hewa kavu ikiendelea kupulizwa juu ya maji, tangi litashuka chini ya nyuzi 20 kabla ya alfajiri.