Saa Mbili Katika Wimbo Mmoja

Siku hizi mtu mmoja aweza kukaa chumbani mwake akapiga gita, halafu ngoma, halafu akaimba sauti ya kwanza na ya pili, na mwisho akatoa wimbo unaosikika kana kwamba umepigwa na bendi nzima. Kila ala hunaswa peke yake katika mkondo wake, kisha mikondo yote huunganishwa. Lakini ikiwa imenaswa kwa vyombo mbalimbali, tuseme gita kwa kompyuta na uimbaji kwa simu, huzuka jambo la kushangaza: mikondo iliyoanza pamoja haimalizi pamoja. Kufikia ubeti wa mwisho mwimbaji amekwisha kuachwa nyuma. Hapo hulaumiwa yeye, ama hulaumiwa programu ya kompyuta, na mara nyingi lawama zote mbili si za haki. Kiini cha tatizo ni kipimo cha wakati.

Mafundi wa enzi za ukanda wa sumaku walikuwa na tatizo la namna nyingine. Mashine yao ilikuwa na kichwa cha kunasia sauti na, mbele yake kidogo, kichwa cha kuisomea. Tuchukulie kwamba vichwa hivyo vimeachana kwa sentimita 5, na ukanda waenda sentimita 38 kwa sekunde. Kila sauti iliyonaswa ilihitaji sekunde 0.13 kufika kwenye kichwa cha kusomea. Basi mwimbaji aliyefuata gita lililotoka katika kichwa hicho alisikika amechelewa kwa kiasi hicho hicho, hata kama aliimba bila kosa lolote. Mwaka 1955 Ross Snyder wa kampuni ya Ampex, Marekani, alibuni njia ya kukifanya kichwa cha kunasia kisome mikondo ya zamani wakati huo huo kinapoandika mkondo mpya. Mpiga gita Les Paul alipata mashine ya namna hiyo, yenye mikondo 8, mwaka 1957. Mwaka 1979 ilitokea Portastudio, mashine ya mikondo 4 iliyotumia kaseti ya kawaida. Kwa chombo hicho Bruce Springsteen alinasa nyumbani nyimbo za sahani yake Nebraska, iliyotoka mwaka 1982.

Tuangalie jambo moja hapa. Mikondo yote 4 ilikuwa juu ya ukanda mmoja. Mota ikilegea, yote hulegea. Wimbo mzima hushuka sauti, lakini ngoma na gita haviachani.

Kompyuta na simu hazina ukanda. Hupima ukubwa wa wimbi la sauti mara nyingi sana, kwa mfano mara 48,000 kwa kila sekunde, na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Mapigo ya kuhesabia hutoka katika kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeshwa kwa umeme. Fuwele ni saa nzuri sana, lakini hakuna mbili zilizo sawa kabisa. Kosa la sehemu 50 katika milioni si ajabu katika vyombo vya bei nafuu. Chombo kimoja kikienda mbele kwa kiasi hicho na kingine kikirudi nyuma kwa kiasi hicho, tofauti ni sehemu 100 katika milioni. Katika wimbo wa dakika 5, yaani sekunde 300, hiyo ni sekunde 0.03. Muda huo ni mdogo, lakini sauti husafiri humo karibu mita 10 hewani: ni kana kwamba mpiga ngoma amehamishiwa upande wa pili wa ukumbi. Kwa saa nzima tofauti hufikia sekunde 0.36, na hapo hata asiye mwanamuziki husikia.

Wanafunzi watalitambua jambo hili katika mlinganyo wa mstari mnyofu, y = mx + c. Tuite y tofauti kati ya mikondo miwili, na x muda uliopita tangu mwanzo. Namba c ni uchelewaji usiobadilika. Kompyuta ikikusanya vipimo 512 kabla ya kuvishughulikia, hupita sekunde 0.0107, mwanzo wa wimbo na mwisho wake sawasawa. Dawa yake ni kuusogeza mkondo mara moja tu. Namba m ni mwachano wa saa, na huo hautibiki kwa kusogeza. Ukirekebisha mwanzo, mwisho unaharibika.

Jaribio lake ni rahisi. Weka simu mbili bega kwa bega, zote zikinasa sauti (ukiitenga moja kwa sentimita 34 zaidi, umekwisha kuongeza sekunde 0.001). Piga kofi moja, subiri dakika 30, piga la pili. Kwenye kompyuta, pima muda kati ya makofi hayo katika kila mkondo. Mmoja ukionyesha sekunde 1,800.00 na mwingine 1,800.09, gawanya 0.09 kwa 1,800 upate m: sehemu 50 katika milioni.

Anayeweza na atumie chombo kimoja chenye matundu mengi ya maikrofoni, kwani hapo fuwele ni moja. Asiyeweza ataunyoosha au kuufupisha mkondo mmoja kwa uwiano uliopatikana. Wengine huogopa kwamba kufanya hivyo kutaharibu tuni. Nusu toni moja ya muziki ni tofauti ya karibu asilimia 6, yaani sehemu 60,000 katika milioni; sisi tunazungumzia sehemu 50.