Unataka kuwa meneja wa GIS? Kujua programu peke yake hakutoshi

Wadau, vijana wengi wakishajua kufungua QGIS na kutoa ramani ya rangi rangi, basi wanajiona wameiva. Huo ni mwanzo tu. GIS ni mfumo wa kompyuta unaounganisha ramani na taarifa, na anayeusimamia ana kazi moja kubwa: kuhakikisha ramani haidanganyi. Ikidanganya, anayeumia ni mwananchi.

Chukulia hapa hapa Bongo. Ramani zetu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS ya kwenye simu inatumia WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kitu kinahama karibu mita 300! Nyumba ya mtu inaweza kuonekana imo ndani ya hifadhi ya barabara wakati haimo. Kesho yake inapigwa X nyekundu. Na kompyuta haikwambii kitu, yenyewe inachora tu. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ni huo: kujua vipimo vimetoka wapi.

Pili, kanzidata. Jifunze SQL, na PostgreSQL yenye PostGIS, ambayo ni bure. Meneja lazima ajue nani kaingiza taarifa, lini, nani kazibadilisha, na nakala ya akiba iko wapi.

Tatu, watu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar mwaka 2015 ulitumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko na kuiweka OpenStreetMap. Kwa nini wakazi? Kwa sababu satelaiti inaona paa, lakini maji yalifika wapi mvua ya mwaka juzi anajua mama anayeishi pale. Kama huwezi kukaa na mjumbe wa shina mkaelewana, umeneja utakushinda.

Nne, hesabu za ofisi. ArcGIS inalipiwa leseni. QGIS ni bure, ila kufundisha wafanyakazi si bure. Bosi atataka umwonyeshe ipi ina nafuu, kwa tarakimu, siyo kwa maneno matupu.

Pa kuanzia? Chora mtaa wako OpenStreetMap, halafu toka kwa miguu ukahakiki. Ukikuta ulichochora na kilichopo havilingani, usione aibu kurekebisha. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Haya, mlio kwenye fani ongezeeni.